Kisa cha “right to work”: karatasi moja ya Kentucky na maana tulizozichanganya

Jumapili moja ya mwaka 2019, mama mmoja mwenyeji wa Fizi, mashariki mwa Kongo, alinikuta kwenye maegesho ya magari baada ya ibada, akafungua pochi na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Aliweka kidole kwenye mstari wa tatu, akausoma kwa sauti: “Kentucky ni jimbo la haki ya kufanya kazi.” Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua: “Kaka, si mumeandika hapa tuko na haki? Sasa ile haki iko wapi?”

Alikuwa amefukuzwa kiwandani siku 18 kabla ya hapo. Na mstari ule niliutafsiri mimi.

Nimekaa na kisa hiki miaka kadhaa. Naona wakati umefika wa kukiandika chote, kwa sababu maneno hayo matatu ya Kiingereza bado yanazunguka kwenye makaratasi ya Waswahili walioko Marekani na Uingereza, na bado kuna watu wanayatafsiri kama nilivyoyatafsiri mimi.

Karatasi yenyewe ilitoka kwenye ofisi moja inayowapokea wakimbizi. Ilikuwa ukurasa mmoja, vipengele tisa, ya kumpa mtu anayeanza kazi: njoo na kitambulisho, vaa viatu visivyoteleza, ukiumwa piga simu kabla ya shifti kuanza. Katikati ya mambo hayo mepesi kulikuwa na sentensi mbili fupi. Ya kwanza ilisema Kentucky ni “right-to-work state”. Ya pili ilisema si lazima kujiunga na union, yaani chama cha wafanyakazi, ili kubaki kazini. Nikaandika: “Kentucky ni jimbo la haki ya kufanya kazi. Si lazima kujiunga na chama ili kubaki kazini.” Kila neno lilipata mwenzake. Sidhani kama nilitumia zaidi ya dakika mbili.

Nilipoanza kuulizia, niligundua kwamba mama yule hakuwa peke yake. Watu waliosoma sentensi zile walikuwa wameelewa mambo matatu tofauti, na yote matatu hayakuwemo kwenye sheria.

Kijana mmoja aliyekuwa ameomba hifadhi alielewa kwamba Kentucky haina haja ya kibali cha kazi. Mkimbizi aliyeletwa na serikali ya Marekani anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayofika, lakini mwombaji hifadhi husubiri. Wakati ule ilibidi zipite siku 150 tangu aombe hifadhi ndipo aombe kadi ya kazi, na kadi haikutolewa kabla ya siku 180. Kijana aliona jimbo limemwondolea subira hiyo. Bahati nzuri aliuliza kabla ya kwenda kujaza fomu.

Mzee mmoja, mtu wa umri wa babu yangu, alikwama kwenye sentensi ya pili. “Chama gani?” aliniuliza. “Cha Trump ao cha bale bengine?” Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa. Alikulia Zaire ya Mobutu, ambako chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama wake. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja tangu 1967, chini ya kivuli cha chama hichohicho. Mtu wa historia hiyo akiambiwa si lazima ajiunge na chama ili abaki kazini, anasikia habari njema ya siasa: hapa hakuna kadi ya chama. Kwetu Tanzania mambo hayakuwa mbali na hapo. JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi, ilikuwa jumuiya ya CCM, na wazazi wetu walilitumia neno “chama” kwa vyote viwili bila kuhisi mpaka. Nilipaswa kulikumbuka hilo. Kwa Kongo neno liko wazi, ni “sendika”, na kila aliyewahi kufanya kazi ya mshahara analijua. Mimi niliandika Kiswahili cha Kigoma kwa wasomaji wa Fizi na Uvira.

Msomaji wa tatu ni mama mwenyewe. Yeye alielewa kwamba serikali ya jimbo inamlinda asinyang'anywe kazi.

Ni rahisi kusema hakuelewa. Mimi nasema alielewa Kiswahili vizuri sana. Neno “haki” kwetu lina uzito wa mizani na hukumu, na ukisema mtu ana haki ya kitu, umesema pia kwamba kumnyima ni dhuluma. Tena maneno yaleyale yameandikwa mahali pakubwa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 22, inasema: “Kila mtu anayo haki ya kufanya kazi.” Katiba ya Kongo, ibara ya 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na Dola inaihakikisha haki hiyo. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 23, linasema vivyo hivyo na linaongeza ulinzi dhidi ya ukosefu wa ajira. Wafaransa waliipigania hoja hii tangu mapinduzi ya 1848, pale Louis Blanc alipotaka Dola imhakikishie kila mtu kazi. Mama alisoma tafsiri yangu na kuiweka kwenye ukoo huo, mahali ambapo kila msomaji makini wa Kiswahili angeiweka.

Lakini maneno yale ya Kentucky ni ya ukoo mwingine kabisa.

Mwaka 1941, tarehe 1 Septemba, siku ya sikukuu ya wafanyakazi Marekani, gazeti la Dallas Morning News lilichapa tahariri ya William Ruggles. Alitaka katiba irekebishwe ili mtu aweze kufanya kazi awe mwanachama wa union au asiwe. Mtu wa Houston aliyeitwa Vance Muse, aliyekuwa akipiga kampeni dhidi ya vyama vya wafanyakazi na aliyechukizwa hasa na vyama vilivyowaweka Wazungu na Weusi pamoja, alilichukua jina la “right to work” na kulizungusha kusini mwa nchi. Mwaka 1944 majimbo ya Florida na Arkansas yalipitisha sheria ya namna hiyo kwa kura. Mwaka 1947 bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Taft-Hartley, likimshinda Rais Truman aliyeikataa kwa kura ya turufu, na kifungu chake cha 14(b) kikayaruhusu majimbo yote kufanya hivyo. Martin Luther King alionya mwaka 1961 kwamba jina hili ni kaulimbiu ya uongo isiyopaswa kuwahadaa wapigania haki za raia.

Sasa sheria yenyewe inafanya nini? Jambo moja, na ni dogo kuliko jina lake. Wafanyakazi wa kiwanda wakichagua union kwa kura, union hiyo inajadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote, na mkataba wa hali bora unaopatikana unamhusu kila mmoja, mwanachama na asiye mwanachama. Katika majimbo yasiyo na sheria hii, union na mwajiri wanaweza kukubaliana kwamba hata asiye mwanachama achangie gharama za kumwakilisha. Katika majimbo yenye sheria hii, makubaliano hayo ni marufuku. Basi. Sheria haimpi mtu kazi wala haimzuii mwajiri kumtoa, na mambo ya vibali vya uhamiaji haiyagusi.

Msomaji wa Tanzania ataitambua hoja hii mara moja, kwa sababu tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri ili wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala. Kenya nayo inayo katika sheria yake ya mahusiano ya kazi ya 2007. Mwalimu ambaye hajawahi kujaza fomu ya chama, akiona makato kwenye karatasi ya mshahara, anajua vizuri ugomvi huu unavyokuwa. Kwa hiyo Kiswahili hakikupungukiwa neno. Ile “right to work” ya Kentucky ni sheria ya kupiga marufuku ada ya uwakala ya lazima. Neno lilikuwepo nyumbani, limeshatumika ofisini na mahakamani, na mimi sikulitafuta kwa sababu Kiingereza kilinipa maneno matatu yaliyoonekana mepesi.

Kentucky iliingia kwenye kundi hili kwa kuchelewa, na kwa njia ya siasa tupu. Mwaka 2014 kaunti ya Warren, ambako uko mji wa Bowling Green wenye wakimbizi wengi, ilijaribu kujitungia sheria yake peke yake. Kisha uchaguzi wa Novemba 2016 uliwapa Republican wingi katika baraza la wawakilishi la jimbo baada ya karibu karne nzima, na wiki ya kwanza ya Januari 2017 sheria ilipita na Gavana Matt Bevin akaisaini. Watu waliofika kutoka kambi za Burundi na Tanzania miaka hiyo waliikuta imeshapoa, imegeuka sentensi moja kwenye karatasi ya mwajiriwa mpya, katikati ya viatu na vitambulisho. Neno la kampeni limevaa sare ya ofisi. Hilo ndilo lililonipata: nililikuta mahali pa kazi nikadhani ni neno la kazi.

Nirudi kwa mama, maana kwake kosa lilikuwa na bei.

Alifanya kazi shifti ya pili kwenye kiwanda cha kuku, kwenye laini ya kutenganisha mapaja. Kiwanda kilihesabu pointi: ukichelewa unapewa nusu, usipokuja unapewa moja, zikifika idadi fulani unatoka. Yeye na wenzake watano walikuwa wakichangia gari, na gari lile liliharibika mara mbili ndani ya mwezi. Pointi nyingine mbili zilitokana na siku alizompeleka mtoto hospitali, na barua ya daktari alikuwa nayo. Supavaiza alimwita ofisini saa tano usiku, akampa karatasi asaini, akachukua beji.

Kentucky, kama karibu majimbo yote ya Marekani, mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kutoa sababu, mradi asikiuke sheria za ubaguzi na nyingine chache. Montana pekee ndiyo yenye sheria ya jumla, ya 1987, inayodai sababu ya msingi. Kinachoweza kumlinda mfanyakazi wa kawaida ni mkataba, na kiwanda kile kilikuwa nao, kwa sababu kilikuwa na union. Mkataba ulisema mtu hafukuzwi bila sababu ya msingi, na kwamba barua ya hospitali inaweza kufuta pointi. Ulisema pia kwamba malalamiko rasmi lazima yaandikwe ndani ya siku 10 za kazi.

Mama hakuwa mwanachama. Alisoma kwenye karatasi yangu kwamba si lazima, akaona dola zile kila wiki ni afadhali zibaki za mchele. Ni uamuzi wake na sheria inamruhusu. Lakini alipofukuzwa alijiambia mambo mawili. La kwanza, kwamba sendika haiwezi kumsikiliza mtu asiyeilipa. La pili, kwamba jimbo lenyewe lina haki ya kufanya kazi, kwa hiyo kuna ofisi ya serikali itakayomrudisha. Akaanza kuitafuta ofisi hiyo. Alikwenda mahali pa fomu za chakula, akaelekezwa kwingine, akakaa kwenye foleni ya watu wanaotafuta kazi, akaambiwa arudi na mkalimani. Siku zikaenda.

Yote mawili hayakuwa kweli. Union inayowakilisha kiwanda ina wajibu wa kisheria wa kumtetea kila mtu wa kundi lake bila ubaguzi, analipa au halipi. Wajibu huu ulianzia kwenye kesi ya mwaka 1944 ya mfanyakazi Mweusi wa reli, ambaye chama cha Wazungu kilikuwa kikijadiliana kwa niaba yake huku kikimtoa kazini. Laiti mama angemwendea mwakilishi wa sendika kesho yake asubuhi, na barua ya daktari mkononi, malalamiko yangeandikwa. Siwezi kusema angeshinda. Angesikilizwa.

Tulimpigia mwakilishi simu palepale kwenye maegesho. Aliuliza tarehe, akanyamaza kidogo akihesabu. Siku za kazi zilizopita zilikuwa 12. Alijaribu hata hivyo, akaandika barua, na mwajiri alijibu kwamba muda umepita.

Nilirudi ofisini na kuomba karatasi ibadilishwe. Hapo kukawa na mjadala ambao nauheshimu. Mwenzangu mmoja, mfasiri mzoefu, alitaka tuandike “sheria ya kudhoofisha vyama vya wafanyakazi”. Alisema hiyo ndiyo kazi ya sheria na wananchi waambiwe ukweli. Nilikataa. Wapo watu wa kawaida, wakiwemo wakimbizi, wanaoamini kwa dhati kwamba mtu asilazimishwe kulipa shirika ambalo hakulichagua ili aendelee kula, na hoja hiyo si ya kitoto. Wanaopinga nao wana yao: wanasema sheria inazaa wadandiaji, watu wanaokula matunda ya mkataba bila kuchangia mbegu. Mimi nina upande wangu, na msomaji ameshauona, lakini karatasi ya mwajiriwa mpya haikuwa mahali pa kuuweka.

Msimamizi wa ofisi naye alikuwa na hofu yake. Alisema tukieleza kwamba union ina wajibu wa kumtetea hata asiyelipa, tutaonekana tunaipigia union kampeni, wakati karatasi ya Kiingereza haisemi hivyo. Nilimjibu kwamba karatasi ya Kiingereza inasomwa na watu walioyasikia maneno hayo kwenye matangazo ya uchaguzi tangu utoto. Wao wana kamusi nzima vichwani. Msomaji wetu ana maneno yaliyo mbele yake tu, na maneno hayo yakiwa ni jina la kampeni lililotafsiriwa, tumekwisha kuipigia kampeni upande mmoja bila kujua. Kutafsiri jina neno kwa neno hakutuweki katikati. Kinachotuweka katikati ni kueleza sheria inaruhusu nini na inakataza nini.

Zile sentensi mbili zikawa nane. Niliziandika na yule mzee wa “chama gani”, mezani kwake, kikombe cha chai kikishikilia karatasi isipeperushwe na feni. Kila nilipoandika alisoma kwa sauti na kuniambia alichosikia. Yeye ndiye aliyesema jina la Kiingereza liende mwisho, maana likitangulia mtu atalitafsiri mwenyewe. Zilisomeka hivi:

“Kiwandani kwenu huenda kuna chama cha wafanyakazi, yaani sendika. Si chama cha siasa. Sheria ya Kentucky inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na sendika au kuilipa ada ili abaki kazini. Ukijiunga au usipojiunga, mkataba wa sendika unakuhusu, na sendika ina wajibu wa kukutetea bila ubaguzi. Ukipewa adhabu au ukifukuzwa, mwone mwakilishi wa sendika siku hiyohiyo, kwa sababu muda wa kulalamika ni mfupi. Sheria hii haikupi kibali cha kazi. Pia haimzuii mwajiri kukufukuza. Kwa Kiingereza utasikia ikiitwa right to work.”

Baadaye binamu yangu aliyeko Leicester aliniandikia kuniuliza maneno hayohayo, na nikajua kisa hakiishii Kentucky. Alikuwa ameomba kazi ya kuhudumia wazee, na mwajiri akamwambia lazima kwanza apite “right to work check”. Nikamwambia asiniulize mambo ya union: Uingereza maneno hayo yanamaanisha uthibitisho kwamba uhamiaji unakuruhusu kufanya kazi, ile maana ambayo kijana wetu aliidhania Kentucky. Kuna tarehe moja naikumbuka kwa sababu ilizibeba maana zote mbili. Tarehe 13 Februari 2024, jimbo la Michigan liliacha rasmi kuwa “right to work”, kwa kuwa bunge lake lilikuwa limeifuta sheria ya 2012. Siku hiyohiyo Uingereza ilipandisha faini kwa mwajiri anayemwajiri mtu asiye na “right to work” hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la kwanza. Mkalimani wa Kiswahili aliyeamka siku ile Detroit na mwenzake aliyeamka London walikuwa na maneno matatu yaleyale mezani, na hakuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo ingewafaa wote wawili.

Kwa sasa nikikutana na maneno haya nauliza kwanza nani anayasema na mwenye karatasi anatakiwa afanye nini baada ya kuyasoma. Yakitoka kwa mwajiri wa Uingereza naandika “ruhusa ya kufanya kazi nchini”. Kwenye katiba au tamko la haki za binadamu, hapo “haki ya kufanya kazi” iko nyumbani kwake. Na yakitoka kwenye mojawapo ya majimbo 26 ya Marekani yenye sheria ile, naeleza habari ya ada, hata kama mteja ananilipa kwa idadi ya maneno na anaona nimeyazidisha.

Mama alipata kazi nyingine miezi miwili baadaye, kwenye ghala la kufungasha vifurushi. Nilimpelekea karatasi mpya. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akarudia mstari wa mwakilishi wa sendika, akaniuliza kama ghala lile lina sendika. Nikamwambia halina. Aliikunja vizuri akamwita mwanawe wa kwanza, aliyekuwa anaanza kazi kwenye kiwanda kilekile cha kuku Jumatatu yake, akampa aitie mfukoni pamoja na kitambulisho.